Bolti Kumi za Aicha

Sehemu ya kumi na moja

"Ukiwasha hiyo motere, utaua mutu."

Hapo ndipo tulipoachana. Lwaboshi amesimama mlangoni, mikono mfukoni. Aicha ameshika nyaya mbili za betri, zimebaki vidole vinne tu zigusane.

Wewe uliyeingia leo, sogea upate nafasi, maana chumba kimejaa. Huyu Aicha ni fundi, binti wa Papa Djuma wa Kindu. Kwa miezi minane amekuwa akijenga injini ya mbio ndani ya sebule ya baba yake, hapa hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Bloku ya Toyota aliiokota kwenye jalala la magari. Turbo aliing'oa kwenye basi dogo lililopinduka. Mabomba ya moshi aliyachomelea mwenyewe uani. Injini imekaa juu ya meza ya chuma, pale palipokuwa na makochi.

Anayeingoja ni Bambo Kanyenda, bambo ndiyo bwana kwa Kichewa, mwenye gereji huko Mchesi, Lilongwe. Jumapili ana mbio za magari Nathenje. Tena ana nafasi moja ya fundi mkuu, pamoja na barua ya kumtoa mtu kambini kila asubuhi kwenda kazini. Nafasi moja tu. Aicha anaitaka. Lwaboshi naye anaitaka, na Lwaboshi ndiye aliyemfundisha Aicha kazi, kabla hawajagombana na kugawana spana kama watu waliotalikiana.

Sasa turudi chumbani.

"Toka kwetu," Aicha akasema.

"Nitatoka. Kabla nitoke, unionyeshe ulikaza kulasi na nini."

Kulasi ndicho kichwa cha injini, chuma kizito kinachofunika pistoni. Kinashikwa na bolti kumi. Bolti zikilegea, moto unapenya pembeni. Zikikazwa kupita kiasi, zinavutika ndani kwa ndani bila mtu kuona, halafu siku turbo inapopuliza kwa nguvu zote, zinakatika.

"Na nini ingine? Vile ulinifundisha. Bomba na bidon."

Dzaleka hakuna fundi mwenye spana ya kipimo, ile inayolia yenyewe ikifika nguvu inayotakiwa. Kwa hiyo mafundi wa hapa wana njia yao. Unachukua bomba la nusu mita, unalivika kwenye spana, unaning'iniza bidon, dumu la maji la lita ishirini, kwenye ncha yake. Bomba likishuka taratibu likalala sawa, bolti imefika. Lita ishirini ni lita ishirini, uwe Uvira, uwe Lilongwe.

"Bidon gani?" Lwaboshi akauliza.

"We uko polisi?"

"Bidon gani, Aicha?"

Mauwa, mama yake Aicha, akaingilia na sinia mkononi. "Lwaboshi, we njaa njo inakusumbua. Kuja ukule mandazi, uache mutoto wa bantu atumike kazi."

Watu wakacheka. Walikuwa kama arobaini: wengine ndani, wengine dirishani, wengine wamepanda ukuta wa jirani. Mauwa ndiye aliyewaalika. Tangu alfajiri alipita mlango kwa mlango akitangaza kwamba leo motere ya binti yake inaongea, na alikaanga mandazi ndoo mbili. Sufuria yake ya pilau ilishaharibika zamani, Aicha aliichukua kuchemshia pistoni ndani ya mafuta ili pini ziingie. Mauwa alisamehe kwa sharti moja: siku ya kuwasha, nyumba ijae.

Lwaboshi hakucheka. Akavuka miguu ya watu, akaingia nyuma ya meza, akatoka na kitu kilichofungwa kamba za katani toka shingoni hadi chini. Bidon ya zamani, rangi imekolea mawese, bado ina maji.

"Ni hii?"

"Ni hiyo."

"Ile yako ya alama nyeupe ilikuwa wapi?"

"Kwa foleni ya maji, inanishikia nafasi. Unajua foleni vile iko." Aicha alikuwa ameanza kuchoka. "Mama akaniletea hii, tayari imejaa. Iko na shida gani? Bidon ni bidon."

Lwaboshi akatoa kisu.

Watu wa mbele wakarudi nyuma wakakanyagana. Papa Djuma, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, akanyanyuka nusu. Lakini Lwaboshi aliinama tu akakata kamba ya kwanza, kisha ya pili, kisha zote. Kamba zikaanguka, na bidon ikatoa tumbo.

Halikuwa tumbo dogo. Pande zote nne zilikuwa zimevimba na kuwa mviringo, kama mtu aliyekula kwenye harusi tatu siku moja.

"Charlène," Lwaboshi akamwita jirani anayeuza mafuta ya kupikia, "lete chupa yako ya litre moja."

Charlène akaileta. Akaanza kupima maji yale kwenye karai, na watu wakahesabu naye. Mwanzoni ilikuwa mchezo, hata watoto walipiga makofi. Kumi. Kumi na tano. Karai likajaa, Mauwa akasogeza ndoo. Ishirini, wakaitikia wote kwa pamoja, wakidhani wamemaliza.

Bidon ilikuwa bado nzito mkononi mwa Charlène.

Ishirini na moja. Sauti zikapungua. Ishirini na mbili, ishirini na tatu. Ya ishirini na nne Charlène aliihesabu peke yake. Ya ishirini na tano aliimimina, na bidon ikaisha.

Aicha alikuwa ameshaweka chini nyaya za betri.

Robo nzima zaidi. Bolti zote kumi alizikaza robo nzima kupita zinavyobeba. Akaikumbuka bolti ya saba. Mwishoni ilizunguka laini, kama kitu kilichokata tamaa, naye akajiambia ni mkono wake ndio umechoka.

"Haya," Lwaboshi akasema. Sasa hakuwa akimtazama Aicha. "Papa Djuma. Tuambie hii bidon ilivimba namna gani."

Mzee akairekebisha kofia yake. "Ni ya zamani. Jua ya huku iko kali."

"Jua." Lwaboshi akawageukia watu. "Nani hapa ametoka Fizi? Nani papa yake alikuwa anakamua mawese?"

Mikono ikainuka, kwanza miwili, kisha kama kumi.

"Munaijua hii?"

Waliijua. Unamimina maji yanayochemka ndani, unaziba, unaiviringisha chini mpaka plastiki inalainika na kutanuka. Ikipoa, unaifunga kamba ili tumbo lisionekane. Kisha unakwenda nayo sokoni Baraka kumwambia mkulima: nijazie bidon moja, nikulipe bidon moja.

"Papa yangu alibeba mawese siku mbili mpaka Baraka," Lwaboshi akasema. "Nyumbani tulipima litre makumi ine. Ni bidon mbili, hata mutoto anajua. Ikafika kwa bafanyabiashara ba Kindu, ikajaza moja na nusu. Papa akarudi nyumbani, akapima tena, akapima tena. Mpaka anakufa alizania ni yeye njo hajue kuhesabu."

Hakuna aliyetafuna andazi.

"Bote balikuwa banafanya," Papa Djuma akasema.

"Na we?"

"Na mi." Mzee akanyanyua uso. "Ile litre tano ya juu njo ilisomesha huyu mutoto. Unataka nifanye nini sasa, nitoshe masomo mu kichwa yake?"

"Papa, nyamaza," Aicha akasema.

Aliyelia ni Mauwa. Hakulia kwa ajili ya mume wake, hayo aliyajua kabla hawajaoana. "Mi njo nilijaza," akasema. "Nilijaza na kopo, kopo na kopo, naona inameza tu. Nikasahau ya zamani, nikasema labda inavuja."

Kule dirishani watu walishaanza kunong'ona. Mmoja akasema Bangwana wa Kindu ni Bangwana tu. Mwingine akamjibu wa Fizi naye akasafishe kwao kwanza. Dakika tano zaidi na nyumba ile ingegawanyika sehemu mbili, injini katikati.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinamwasha Aicha.

"We ulijuaje?"

"Nini?"

"Bidon ilikuwa na kamba. Ilikuwa nyuma ya meza. Hujaingia humu miezi tatu. Ulijuaje?"

Lwaboshi akakunja kisu chake, akakirudisha mfukoni.

"Jumanne nilipita kwa maji. Naona ile yako ya alama nyeupe inalala mu foleni. Na bantu bote banasema leo Aicha anakaza kulasi. Nikajiuliza, anakaza na nini? Nikachungulia kwa ua, nikaona ile bidon ya kamba."

"Jumanne."

"Jumanne."

"Na leo ni Alhamisi." Aicha akazunguka meza, akasimama mbele yake. "Siku mbili unajua. Ukafunga kinywa mpaka nyumba ijae."

Hakukana. Lwaboshi ana ubaya wake, lakini mwongo si yeye. "Nilingoja," akasema. "Papa yangu hakupata hata mutu mumoja wa kumusikiliza. Mi nilitaka bantu arobaini."

Ilikuwa zamu ya watu wa Fizi kutazama chini.

Aicha alikuwa ameinua mkono, na sijui ungetua wapi, kwa sababu honi ililia nje. Mara ya kwanza ndefu, mara ya pili ndefu zaidi. Watu wa dirishani wakapisha. Bambo Kanyenda alikuwa amefika na pikapu, minyororo nyuma, kuja kuchukua mali yake.

Kanyenda ni mtu mfupi mwenye shingo nene. Aliendesha malori ya Dar es Salaam miaka tisa, akarudi Malawi na Kiswahili cha bandarini.

"Mbona kimya?" akauliza akiwa mlangoni. "Kafa mtu?"

Papa Djuma akamshika binti yake kiwiko. "Sema iko tayari," akamnong'oneza. "Itafika Nathenje. Nyuma ya pale, Mungu anajua."

"Sema, mwanangu," Mauwa naye akasema huku akijifuta macho.

Aicha akamtazama Lwaboshi. Alikuwa ameegemea ukuta, amekunja mikono, anangoja. Akisema iko tayari, Lwaboshi atamvua nguo mbele ya Kanyenda. Akisema haiko tayari, amejivua mwenyewe.

"Haiko tayari," Aicha akasema. "Bolti zote kumi zimevutika. Kosa ni langu."

Akaeleza yote, bidon na lita zake, na foleni ya maji. Jina la baba yake hakulitaja. Kanyenda alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua andazi kwenye sinia, akalila. Akachukua la pili.

"Zikomo kwa kuniambia," akasema. "Sasa nani mwingine alijua?"

 Kazi ya kujibu ilifanywa na watu arobaini, kwa macho.

"Wewe?"

"Mi," Lwaboshi akasema.

"Tangu lini?"

"Jumanne."

Kanyenda akapangusa mafuta ya andazi kwenye suruali. "Gari langu liko juu ya mawe, halina injini. Jumapili ni mtondo. Huyu dada kavuta bolti. Huyu kaka kajua, kafunga domo, kaja kufanya sinema. Nyote wabaya. Pandeni."

"Mi na huyu?" wakasema karibu kwa pamoja.

"Gereji ina bolti mpya na ina spana ya kipimo. Mikono minne itamaliza Jumamosi. Jioni nitabaki na mmoja, mwingine nitampa nauli ya kurudi. Hamtaki, nichukue chuma changu niwaache hapa mpigane."

Walipanda.

Safari ile ungelipa kiingilio kuiona. Injini katikati ya pikapu, imefungwa minyororo. Aicha upande huu, Lwaboshi upande ule, kila mmoja na barua yake ya ruhusa ya siku tatu mfukoni, Kanyenda amewachukulia ofisi ya kambi. Kwenye kizuizi cha barabarani polisi akasoma barua zote mbili, akawatazama, akauliza kwa Kichewa kama ni mume na mke.

"Ayi," wakakana wote wawili, na hilo lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana mwaka ule.

Pikapu ilipoondoka, Aicha akasema, "Ungeniita pembeni. Jumatano asubui, neno moja tu. Aicha, ile bidon iko mubaya. Ningekushukuru."

"Na shukrani nikule na bugali?"

"Kesho Dzaleka yote bataita papa yangu mwizi."

"Bataita mwizi mutu mwizi."

Aicha akamtemea mate. Upepo ukayarudisha yote kwenye bega lake mwenyewe. Lwaboshi akacheka, akacheka mpaka akajishika kwenye mnyororo asianguke, na Aicha akaapa ndani ya moyo wake kwamba kicheko hicho atakilipiza.

Mchesi walifanya kazi siku mbili. Waliigawa injini kama nyumba ya watu waliokosana. Aicha alichukua kulasi na bolti zake. Lwaboshi alichukua turbo na mabomba yake yote. Kuongea hawakuongea. Walitumana maneno kupitia mlinzi wa geti, mzee wa watu, ambaye kufikia Ijumaa mchana alikuwa amechoka kuliko wao.

"Mwambie huyo anipe spana ya kumi na mbili."

"Mwambie huyo aifuate."

Bolti za zamani zilipotoka, Aicha alizipanga kwenye kitambaa pembeni ya mpya moja. Zote kumi zilikuwa zimerefuka. Ya saba ilikuwa na shingo nyembamba katikati, mahali ambapo ingekatika. Aliitazama kwa muda, kisha akaitupa kwenye pipa pamoja na zingine.

Habari nayo ilishamfikia kila mtu. Ijumaa jioni mama mmoja wa Dzaleka anayeuza vitenge karibu na gereji alimsimamisha. "Dada, ni we njo Mama Bidon?" Hakuuliza kwa ubaya, alitaka tu kuhakikisha. Aicha alirudi gerejini bila kununua chakula.

Kulasi aliikaza peke yake, kwa spana ya kipimo. Ililia mara kumi. Kila ilipolia alifumba macho.

Jumamosi saa sita mchana injini ilikuwa ndani ya gari. Kanyenda akawasha. Ikakohoa, ikashika, ikatulia ikiunguruma chini chini, sauti nzito isiyo na kasoro. Watu wa Mchesi wakaacha biashara zao wakaja kujipanga kwenye ukuta wa gereji. Kanyenda akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze.

Aicha aliinama kuongeza maji kwenye rejeta. Ndipo alipokiona.

Chini ya turbo kulikuwa na kimpira chembamba, kirefu kama kidole, kinaning'inia hewani. Kilitakiwa kiwe kimechomekwa. Hicho ndicho kinachoiambia turbo presha imetosha, ifungue mlango wake wa kupumulia. Kikikaa hivyo, turbo haijui kutosheka. Itapuliza, itaendelea kupuliza, mpaka kitu kipasuke.

Ule ulikuwa upande wa Lwaboshi. Amesahau.

Aicha akanyanyua kichwa, akavuta pumzi amwambie.

"Haya," Kanyenda akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ukutani. "Nani fundi wa injini hii?"

"Mi," Aicha akajibu.

"Huyu?" Lwaboshi alikuwa akipangusa mikono kwa kitambaa. "Huyu mutoto wa bidon? Bila mi ingelipuka Alhamisi, palepale kwa mama yake, na mandazi yote. Andika mi, Bambo. Motere ni ya kwangu."

Ukuta mzima ukacheka. Mama wa vitenge alicheka kuliko wote.

Aicha akafunga kinywa. Kisha akafunga boneti, kwa mikono miwili, taratibu, mpaka ikalia.

"Ni ya kwake," akasema.

Kanyenda akawatazama, mmoja baada ya mwingine. "Sawa. Hapa kwangu kuna sheria moja. Fundi wa injini anakaa kiti cha kushoto siku ya kuijaribu. Kama kaifunga vizuri, turudi wote. Kama kaifunga vibaya, tusisumbuane mahakamani."

"Hakuna shida," Lwaboshi akasema. Akaingia kama bwana harusi, akavuta mkanda, akaufunga.

Hapa nisimsingizie Aicha. Hakutaka mtu afe. Alikuwa amepiga hesabu yake haraka. Uwanja wa gereji ni hatua hamsini. Kanyenda angekanyaga mafuta mara moja, mshale wa geji ya presha ungeruka alama, angezima, angefungua boneti, na Mchesi nzima ingemwona Lwaboshi na kimpira chake. Kicheko kwa kicheko, watu wa ukutani hapa kwa watu wa dirishani kule Dzaleka. Basi.

Kanyenda akatoa kichwa. "Mafundi, kuna neno kabla sijaondoka?"

Lwaboshi akamtazama Aicha kupitia kioo. Labda aliona kitu usoni pake, maana tabasamu lake lilipungua na mkono wake ukaenda kwenye mkanda.

"Aicha," akasema, kwa sauti ya zamani, ile ya siku walizofanya kazi chini ya paa moja. "Iko kintu?"

Kulikuwa na nafasi ya kutosha. Nafasi ya maneno mawili, matatu.

"Hakuna neno," Aicha akasema.

Kanyenda akaingiza gia. Halafu badala ya kuzunguka uwanjani, akapiga honi kumwita mlinzi.

"Tsegula," akamwambia. "Kuzunguka uani ni mambo ya watoto. Tunaipeleka mpaka Nathenje."

Geti likafunguka.

"Simama," Aicha akasema. Hakuna aliyemsikia. Akasema tena, akapiga kiganja kwenye bati la nyuma, lakini bati lilikuwa tayari linateleza chini ya mkono wake. Watu wa ukutani walidhani anashangilia, wakamsaidia kwa vigelegele.

Akakimbia. Nje ilikuwa barabara ya Mchesi, Jumamosi mchana: nyanya zimepangwa mpaka kwenye lami, kabaza, baiskeli za abiria, zimepakia wanawake na magunia, mtu kila hatua. Gari lilipita katikati yao polepole, likafika mwisho wa soko, likaona barabara iko wazi.

Ndipo filimbi ya turbo ilipoanza. Ilipanda, nyembamba, safi, ikazidi kupanda. Aicha alisimama katikati ya njia, mkono kifuani. Alikijua kiwango alichoipangia ikome. Aliisikia ikikaribia kiwango hicho.

Ikakifikia.

Ikakipita.